Boila haina neno, ni fundi aliyeziba bomba la hewa

Niseme mapema, boila yenyewe, ule mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto, iko poa. Tunaishi Minnesota, nyumba ya kizamani yenye rediyeta za chuma, na tangu tufungiwe hii mpya vyumba vya juu vinapata joto sawasawa, kitu ambacho ile ya zamani ilishagoma kufanya. Nilikuwa niweke nyota tatu nikalale. Lakini kila nikimkumbuka yule fundi amesimama besimenti, kule chini ya nyumba, na kikombe chake cha kahawa ananiambia "alamu yako mbovu, nunua nyingine", mkono unakataa kabisa.

Sasa sikieni. Nyumba nyingi za huku zina bomba la hewa limevikwa foili, linatoka nje ukutani linashuka mpaka ndani ya ndoo pale sakafuni karibu na boila. Ndoo ya kawaida tu, zile za rangi. Hewa ya baridi ni nzito kwa hiyo inatulia humo ndooni badala ya kutambaa nyumba nzima, moto ukiwaka unavuta kutoka hapo. Mgeni akiiona atadhani mtu kaacha kazi katikati. Fundi wetu akaiona akasema aah hii inawaletea baridi, mtalipa gesi ya bure, akashindilia sponji ya ukutani mdomoni mwa bomba akapiga tepu juu. Halafu eti kama zawadi, akang'oa mlango wa kichumba kilichowekwa boila, ule wa vibao vyenye nafasi za kupitisha hewa, akaweka mlango mzima wenye raba pembeni. Unajifunga kama friji. Na hapo alikuwa anatarajia asante!

Boila yetu si zile zenye bomba mbili za plastiki zinazojivutia hewa ya nje, hii inavuta hewa ya chumba ilichokaa. Ni ya BTU 100,000, ndiyo kipimo cha nguvu ya moto wake. Kanuni ya gesi ya Marekani inataka chumba kiwe na futi za ujazo 50 kwa kila BTU 1,000, piga hesabu mwenyewe, ni 5,000. Kichumba chetu mlango ukifungwa hakifiki hata 500. Na draya, mashine ya kukausha nguo, imo humo humo, nayo kazi yake ni kufyonza hewa na kuitupa nje. Huyu mtu aliiona draya, aliegemeza ngazi yake pale.

Madirisha ya besimenti yakaanza kutoka jasho. Mama watoto kila akishuka kufua anapanda kichwa kinamgonga. Siku moja nikaitazama alamu ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, inasoma 40 na kitu (sehemu kwa milioni za hewa) na kimya, maana hizi alamu hata ikifika 70 zinaweza kukaa saa nzima na zaidi kabla ya kulia. Nikawasha kijiti cha udi nikakishika pale boila inapoungana na bomba la moshi. Draya ikiwa imezimwa, moshi wa udi unaingia juu vizuri. Nikawasha draya. Moshi ukasita, ukajikunja, ukanirudia usoni. Yaani ule moshi wa gesi wote uliotakiwa uende kwa chimni ulikuwa unarudi kwetu! Nikazima kila kitu, milango wazi, baridi ya kugandisha kope inaingia, watoto tukawakimbiza kwa jirani.

Fundi akaja jioni. Akasema udi si kipimo. Sawa mzee, lete chako basi, hana! Nikamwambia shika udi uone mwenyewe, akakataa, akacheka, akasema si nyinyi Afrika mnapikia mkaa ndani, sasa hii imekutisha nini. Jamani. Mimi ni mtu wa Nyahururu, na hakuna mtoto wa kule asiyejua kwamba jiko la mkaa haliingizwi chumba cha kulala ukafunga mlango. Kuna watu walilala hivyo hawakuamka. Mtu wa kuja kunifundisha hewa mbaya mimi ni huyu wa kikombe cha kahawa?

Nilipiga laini ya dharura ya gesi hata kabla gari lake halijatoka. Wale walikuja na mashine ya kupima, hawakubishana na mtu, wakafunga valvu ya gesi wakatundika tagi nyekundu ya kukataza boila isiwashwe. Fundi mwingine akatoa sponji, akaweka mlango wenye matundu juu na chini, kila moja lisipungue inchi 100 za mraba, moja karibu na dari moja karibu na sakafu. Kazi ya asubuhi moja tu! Tukawasha boila na draya pamoja, moshi wa udi ukapanda wima.

Nataka kuwa muungwana, usafi wao ulikuwa mzuri, walifagia, na yule kijana msaidizi alininong'oneza siku ile ya kwanza kwamba yeye hilo bomba asingeliziba. Kwa hiyo mbili basi. Ngoja, hapana. Wiki iliyopita wameniletea bili ya ile jioni, wameandika "kukagua alamu". Nyota moja, na hiyo ni ya kijana. Bili sijalipa na silipi.