Safari ya vyura usiku Shimba Hills: mwongozaji nyota tano, waandalizi mbili

Basi Jumamosi nilikwenda ile safari ya kutafuta vyura usiku upande wa Shimba Hills, hao waandalizi siwataji jina. Kilonivuta ni picha kwenye tangazo lao, salamanda (ndugu wa vyura mwenye umbo kama mjusi) wa rangi ya chungwa na mkia wake, nikalipa 2,500 yangu na 2,500 ya mdogo wangu. Kumbe wameiokota tu mtandaoni, salamanda hapa Kenya hakuna, na kusini mwa Sahara kote hakuna. Si wizi huo? Halafu kuondoka ilikuwa saa kumi, watu wakachelewa, Likoni nayo feri ikatuweka, tukafika Kwale giza tayari, chai imepoa na tochi walotupa mwanga wake kama koroboi.

Aloniponya hasira ni yule kijana mwongozaji. Hatujashuka hata bwawani akauliza nani kajipaka dawa ya mbu, sisi wawili tukainua mikono, basi ikawa marufuku kugusa chura usiku mzima, ati chura maji anayanywa kwa ngozi kwahivo ulichojipaka mkononi ndo utakachomnywesha. Nikanyamaza.

Kwenye tete akamulika kitu kidogo kama pingili ya dole gumba, cheusi, kina michirizi myekundu imepindapinda kama kapakwa hina na mtu mwenye haraka. Mwongozaji akasema chura huyo duniani kote yuko milima hii tu, na akiwa mdogo huwa kijani kabisa. Mbele kidogo mti umeinamia maji na tawini limening'inia bonge la povu jeupe, mdogo wangu akadhani mtu kafua nguo, kumbe ni mayai ya chura, viluwiluwi vikiiva vinadondoka majini vyenyewe.

Mwisho akaniuliza natoka wapi, namwambia Changamwe, akacheka sana. Kuna ndugu wa vyura asiye na miguu, anaishi ndani ya udongo, ukimuona utasema nyungunyungu, na jina lake la kisayansi ni Boulengerula changamwensis, yani Changamwe yetu hii hii! Na mie miaka yote nalima mchicha nyuma ya nyumba, jembe likikata kitu naendelea tu. Jana nimelima kwa mkono nusu tuta, mama ananiangalia dirishani.

Masika ntarudi, tochi nabeba yangu na mbu waniume tu.