Lushoto au Amani: upande upi wa Usambara?
Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal na kuifanya makao ya utawala wao wa wilaya, hufikika kwa urahisi zaidi, kwani barabara ya lami hupanda kutoka Mombo kupitia Soni, na sokoni utakuta peasi, karoti na kabichi zinazostawi kwa ubaridi wa takribani mita 1,400. Ukisimama Irente, ukingoni mwa milima karibu na mji, mlima unakatika ghafla na nyika inatandaa chini hadi upeo wa macho. Mandhari hayo Amani, iliyo Usambara Mashariki, haina.

Hata hivyo, kwa historia ya sayansi Amani ndiyo yenye utajiri: kituo chake cha utafiti kilianzishwa mwaka 1902, na miti iliyoletwa kutoka mabara mengine ingali imesimama kando ya msitu wa asili. Njia ya kutoka Muheza huteleza wakati wa masika.

Anayesafiri kwa basi na mwenye siku chache aende Lushoto. Mpenda mimea mwenye gari imara hatajutia Amani.