Mapitio ya pppd: kupiga simu ya intaneti pale tu inapohitajika

Ofisi yetu ndogo ya Tanga ilikuwa na laini moja ya simu, kompyuta nne za Windows, na ya tano ya Linux iliyokuwa lango la kutokea kwenye intaneti. Kwa kuwa kila dakika ya simu ililipiwa, niliiwekea pppd, programu ya Linux ya kuunganisha intaneti kwa simu, chaguo la demand, ambalo huifanya modemu ipige simu pale tu pakiti (kifungu kidogo cha data) inapotaka kutoka, pamoja na idle 180, ili laini ikatwe baada ya dakika tatu za ukimya. Kwa kazi hiyo naisifu programu hii bila kusita. Hata hivyo, anayeitumia ajue kwamba haimtofautishi mtu anayesoma barua pepe na mashine inayoulizauliza peke yake usiku; kutofautisha ni kazi yako.

Mimi nililijua hilo kupitia bili. Modemu ilikuwa ikilia saa nane za usiku, ofisi imefungwa, na kumbukumbu ya mfumo, /var/log/messages, ilionyesha saa ya kila simu bila kumtaja aliyeisababisha. Kiolesura cha ppp0, yaani upande wa simu ndani ya Linux, huwapo hata kabla simu haijapigwa, kwa hiyo niliiacha tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, ikisikiliza hapo, na nyingine kwenye eth0, upande wa mtandao wa ofisi, kwa sababu pakiti inayofika ppp0 imekwisha kuvikwa anwani ya lango na haisemi tena imetoka mezani kwa nani. Asubuhi jibu lilikuwa wazi: kompyuta ya mhasibu, iliyoachwa inawaka, ilikuwa ikiuliza majina ya Windows kwa seva ya DNS, ile inayogeuza majina kuwa anwani, kutoka mlango wa 137 (milango ni namba zinazotenganisha huduma za mtandao). Kanuni moja ya iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, ya kutupa kila pakiti ya UDP, aina inayobeba maswali hayo, inayotoka milango ya 137 hadi 139 kabla haijavuka lango, iliunyamazisha usiku wetu.

Kukata laini kulinisumbua zaidi. Pakiti za watu wasiojulikana wanaojaribu milango kutoka nje nazo huhesabiwa kuwa shughuli, na saa ya idle huanza upya kila mara. Dawa ni chaguo la active-filter lenye neno outbound, ili kinachotoka tu ndicho kihesabiwe, na wakati huohuo lango lizitupe pakiti hizo bila kujibu, maana jibu nalo hutoka.

Kulikuwa pia na ukurasa wa kwanza unaokwama. Kabla ya simu, pppd huipa ppp0 anwani ya muda, 10.64.64.64, na Squid, programu ya kuwachukulia watumiaji kurasa za wavuti iliyokuwa langoni, iliendelea kuishikilia hata mtoa huduma alipokwisha kutoa anwani halisi. Kuandika 1 katika /proc/sys/net/ipv4/ip_dynaddr kulimaliza tatizo hilo.

Ninalolilaumu kwa dhati ni maxfail, ambayo isipobadilishwa ni 10: simu kumi mfululizo zikishindikana, pppd hujizima. Laini ilipokufa mwisho wa juma mmoja, Jumatatu tulikuta simu inafanya kazi vizuri lakini hakuna programu ya kuipiga, na wenzangu walipoteza asubuhi nzima wakikagua nyaya. Niliweka maxfail 0, na holdoff 60 ili modemu ipumzike dakika moja kati ya majaribio, na tangu hapo laini ikirudi, intaneti nayo hurudi bila mtu kuigusa kompyuta.