Ramani ya OS Explorer OL7 kwenye vilima vya Ambleside, mwishoni mwa Novemba

Vilima vya Lake District, kaskazini mwa Uingereza, vinadharauliwa kwa sababu ni vifupi. Mlima mrefu una ubavu mmoja mkubwa, na hata kwenye ukungu unajua kama unapanda au unashuka. Kilima kama Loughrigg, chenye mita 335 tu, kimejaa vichuguu (yaani vilima vidogo juu ya kilima), vidimbwi na vinjia vinavyopishana kila upande, na mtu hupotea humo mchana kweupe. Kwa hiyo anayetaka kuvipita katika siku fupi ya Novemba aianze safari kwa ramani, na ya kununua kwa eneo hili ni OL7 ya Ordnance Survey (OS), shirika la taifa la ramani.

Njia inayoipima vizuri ni hii: toka mji mdogo wa Ambleside kupitia bustani ya Rothay Park, panda Loughrigg, shuka mpaka kidimbwi cha Loughrigg Tarn na daraja la Skelwith Bridge, panda Black Fell (mita 323), kisha rudi Ambleside. Ni kama kilomita 16. Kwa kanuni ya Naismith, yaani saa moja kwa kila kilomita 5 na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda, unapata saa nne na kitu. Kwa Novemba weka sita. Mawe yamelowa na tope ni zito, na kushuka huchukua muda kama kupanda. Jua linazama karibu saa 10 jioni, kwa hiyo anayeondoka saa 5 asubuhi amejipangia giza. Saa 3 ndiyo saa ya kuondoka.

Ramani hii ni ya skeli 1:25,000: sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Ubora wake mkubwa ni kuta za mawe. Zimechorwa kwa mstari mwembamba mweusi, karibu kila ukuta na kila kona, na kwenye ukungu ukuta ndio rafiki wa kuaminika: haubadiliki, na ukiufuata unajua utakakokutoa. Kasoro ni kwamba uzio wa waya nao umechorwa kwa mstari uleule, na palipo na miamba mstari huo humezwa na alama za mawe. Hapo inabidi kuikaribia ramani kwa macho, na kwenye mvua si kazi rahisi.

Wageni wengi hukosea kwenye vistari vya kijani. Vile vifupi vinaonyesha haki ya umma ya kupita kwa miguu, na vile virefu zaidi njia ya miguu, farasi na baiskeli. Ni haki ya kisheria, na si lazima pawe na njia ardhini. Njia inayoonekana kwa macho huchorwa kwa vistari vyeusi. Ukiona kijani bila nyeusi, tarajia majani na maji. Juu ya Loughrigg hali ni kinyume: vinjia vilivyokanyagwa ni vingi kuliko vilivyo kwenye ramani, hasa mwisho wa mapukutiko, kangaga zikishakauka na kulala chini, kila kinjia kikawa wazi. Kuhesabu njia panda hapo ni kujidanganya. Tumia dira.

Sasa mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Eneo hili imepangwa kila baada ya mita 10. Kichuguu cha mita 8 kinaweza kulala chote kati ya mistari miwili bila kuonekana, na Loughrigg ina vingi vya aina hiyo. Unafika juu, unaona mbele yako kingine kilicho juu zaidi, unadhani umekosea. Dawa ni nguzo ya upimaji iliyojengwa kileleni: usipoiona, hujafika. Kutoka hapo usifuate kinjia kinachopendeza. Pima uelekeo wa Loughrigg Tarn, weka dira, kisha hesabu hatua. Kwa watu wengi mita 100 za tambarare ni hatua pacha (mbili zikihesabiwa moja) 60 hadi 65, na kwenye mteremko wa mawe zaidi. Tofauti kati ya kaskazini ya gridi (ya mistari ya ramani) na ya sumaku (ya dira) kwa sasa ni ndogo mno huku, kwa hiyo kwa umbali mfupi iache.

Nunua ile iliyopakwa plastiki, inayoitwa Active. Ni nzito na haikunjiki vizuri, lakini ya karatasi tupu hulainika kwa mvua ya nusu siku na kuanza kuchanika kwenye mikunjo, tena pale pale unapopahitaji. Ikikunjuliwa yote inapita mita moja kwa upana, na upepo wa kileleni hauna huruma. Ikunje nyumbani ili Ambleside na Black Fell vibaki upande wa nje.

Ndani ya jalada kuna namba ya siri ya kupakua ramani hiyohiyo kwenye simu. Itumie kuhakikisha ulipo, isiwe tegemeo: baridi hula betri, na kioo kilicholowa hakisikii kidole. Anayetaka karatasi isiyoharibika kabisa atazame pia ramani za kampuni ya Harvey. Hazipitishi maji na zinasomeka haraka, ila kontua zao ni za mita 15, na kwa vichuguu vya Loughrigg hilo ni pengo kubwa.