Uzoefu wangu wa kuandika maelezo ya --help kwa argparse

Karibu kila programu ya mstari wa amri ninayoiandika hutumia argparse, moduli inayokuja na lugha ya programu ya Python yenyewe tangu toleo la 2.7, na hapa ninatathmini kazi yake moja tu: kutengeneza maelezo anayoyaona mtumiaji anapoandika --help. Kwa kazi hiyo ninaipendekeza bila kusita, mradi mwandishi wa programu asidhani kwamba ameandikiwa maelezo, maana anachopewa ni mpangilio, na maneno yanabaki kuwa jukumu lake.

Ukitangaza chaguo, yaani neno la ziada ambalo mtumiaji huliongeza kwenye amri, bila kuliandikia maelezo yoyote, litaonekana kwenye orodha hata hivyo. Chaguo la --kikomo, kwa mfano, litatokea kama "--kikomo KIKOMO", yaani jina lile lile limerudiwa kwa herufi kubwa, na mtumiaji hatajua kama anatakiwa kuandika sekunde, dakika au idadi ya faili. Wengi hujaza pengo hilo kwa kuandika "Weka kikomo", jambo ambalo msomaji alikwisha kulielewa kutokana na jina. Mimi niliandika hivi: "Subiri jibu la seva kwa sekunde zisizozidi hizi, kisha kata muunganisho, 0 ni kusubiri bila mwisho." Halafu nikaweka SEKUNDE kwenye metavar, yaani neno linaloonyeshwa mahali pa thamani, na mstari ukasomeka "--kikomo SEKUNDE". Kipimo, kinachotokea muda ukiisha na maana ya sifuri vyote vimo, na hayo ndiyo maswali anayokuja nayo mtu aliyefungua maelezo akiwa katikati ya kazi.

Kinachonifurahisha zaidi ni %(default)s. Ukiiandika ndani ya maelezo, moduli huchukua thamani ya chaguo-msingi, yaani ile inayotumika mtumiaji asipotaja nyingine, moja kwa moja kutoka kwenye msimbo, kwa hiyo ukibadilisha 30 kuwa 60 maelezo hubadilika papo hapo. Mara nyingi nimekuta programu ambazo maelezo yake yanataja thamani iliyokwisha kuachwa, na nikishakuta kosa moja la namna hiyo siwezi tena kuuamini ukurasa uliobaki. Ipo pia ArgumentDefaultsHelpFormatter, inayoongeza thamani hizo yenyewe, lakini siitumii sana, kwa sababu chaguo lisilo na thamani huandikiwa None, neno la Python la kusema hakuna thamani, na None haimwambii mtumiaji chochote. Anachotaka kujua ni kwamba asipotaja faili la matokeo, matokeo yatatokea kwenye terminali. Sentensi hiyo hakuna moduli itakayomwandikia.

Alama ya asilimia inahitaji uangalifu wa pekee. Kwa kuwa argparse huitumia kuingiza thamani, maelezo kama "Punguza picha hadi 50% ya ukubwa wake" husababisha hitilafu, na ni lazima uandike %% ili ionekane moja. Katika matoleo niliyoyatumia, hitilafu hiyo haijitokezi programu inapofanya kazi zake za kawaida, bali pale tu mtu anapoomba msaada, yaani inampata yule yule aliyekwama. Ndiyo maana majaribio ya programu zangu zote huanza kwa kuendesha --help.

Mifano ya amri kamili mimi huiweka kwenye epilog, yaani maandishi ya mwisho wa maelezo, nikitumia RawDescriptionHelpFormatter, kwani bila hiyo mistari yote huunganishwa kuwa aya moja na mifano haiwezi kunakiliwa. Makundi ya machaguo nayo husaidia orodha inapokuwa ndefu.

Upungufu ninaouona ni kwamba -h na --help hutoa maandishi yale yale. Programu ya ripgrep, ya kutafuta maneno ndani ya faili, hutenganisha viwili hivyo: -h hutoa muhtasari, na --help hutoa maelezo marefu ya kila chaguo, utaratibu unaomheshimu anayetaka kukumbushwa jina tu na pia anayetaka kuelewa. Kwenye argparse utaratibu huo sharti uujenge mwenyewe. Kwa sasa kila chaguo ninalipa sentensi moja au mbili zilizokamilika, na yanayozidi hapo nayapeleka kwenye mwongozo wa programu, huku nikitaja mwishoni mwa --help mahali mwongozo huo unapopatikana.