Cha kunolea visu nyumbani: ununue kipi, na ukitumieje (kwa jikoni za Kigoma)

Visu vya jikoni Kigoma vinapigishwa kazi. Kisu kilekile kinamenya muhogo wenye mchanga, kinapasua sangala, kinakata sombe, kisha kinamalizia vitunguu juu ya sahani ya bati. Makali hayadumu hapo, hata kisu kiwe cha bei gani, kwa hiyo nyumba inahitaji kitu cha kunolea kisichongoja umeme wala fundi apite. Tumevipanga vifaa vya mkono kwa daraja, tukianza na kile tunachoshauri ununue kwanza. Tumeangalia mambo matatu: kisu kinatoka kikikata ngozi ya nyanya bila kukandamizwa? Kinaliwa kiasi gani kila kinaponolewa? Na mtu asiye fundi atakimudu kifaa chenyewe? Bei tumeiweka nyuma, maana cha bei rahisi kinachomaliza kisu kimekutoza mara mbili.

Kwanza, kijue kisu chako

Visu vingi vya mpini wa plastiki ni vya chuma laini kisichoshika kutu. Vinanoleka upesi na vinapoteza makali upesi. Kisu cha mfua chuma, kilichotoka kwenye springi ya gari, kitashika kutu usipokikausha, lakini kikinolewa vizuri kinakaa na makali muda mrefu zaidi. Kisu chembamba cha kutolea minofu kinapinda, na kinataka pembe (mwinamo wa kisu juu ya jiwe) nyembamba kuliko vingine. Kisu cha mkate chenye meno usikipeleke kwenye jiwe kabisa, utayasaga meno yake.

Pembe haihitaji kifaa cha kupimia. Pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo. Laza kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo kwa theluthi moja ya upana huo: hapo una karibu nyuzi 20, ambazo zinatosha kisu cha kawaida cha jikoni. Robo ya upana inakupa karibu nyuzi 15, za kisu cha minofu. Nusu ya upana ni nyuzi 30, za panga. Kwa mfano, kisu chenye upana wa sentimita 3 kinainuliwa mgongo sentimita 1. Cha minofu chenye upana wa sentimita 2 kinainuliwa nusu sentimita tu.

1. Jiwe la pande mbili

Kama unanunua kitu kimoja tu, nunua hiki. Kinoo kizuri kinanoa kila kisu chenye makali ya kunyooka, unachagua pembe mwenyewe, na hakina kitu cha kuharibika zaidi ya kuliwa katikati, jambo linalorekebishika.

Namba ya jiwe ikiwa ndogo, jiwe linakwaruza. Ikiwa kubwa, ni laini. Tafuta lenye 400 upande mmoja na 1000 upande wa pili. Mawe ya kijivu yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi ni 120 na 240. Hayo yanafaa panga na kisu kilichomeguka, na upande wanaouita laini bado unaacha makali ya kukwaruza. Ukikosa jingine, lichukue hilohilo, kisha malizia kwenye kitako cha kikombe cha kauri, ile duara ya chini isiyo na mng'ao. Duara hiyo ni kinoo laini, na karibu kila kabati la vyombo linacho. Namba 3000 na kuendelea, kwa kazi ya samaki, ni mapambo: ngozi ya migebuka inateleza, na makali yaliyobaki na ukwaruzo kidogo ndiyo yanayoikamata.

Urefu uwe sentimita 15 hadi 20 na upana usiopungua 5. Vile vijiwe vya kuingia mfukoni vinamlazimisha mtu apige mapigo mafupi, na pembe inayumba. Pale dukani, kutanisha nyuso za mawe mawili, uyainue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, mojawapo limepinda. Ligonge kwa kifundo cha kidole. Sauti iliyofifia, isiyolia, inaashiria ufa. Kisha likwangue kwa ukucha: likimwaga chembe, liache.

Sasa mafuta. Jiwe la maji lipewe maji, basi, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ukipenda. Mawese usiyaguse. Yakipoa yanaganda ndani ya vitundu vya jiwe, yanashika vumbi la chuma, na jiwe linaanza kuteleza badala ya kukata. Mafuta mengine ya kupikia nayo yanaishia kuwa gundi. Kama limeshaingia mawese, lisugue kwa brashi ngumu, maji ya moto na sabuni ya unga, urudie mpaka maji yatandae juu yake bila kujikusanya matone matone.

Kunoa kwenyewe kunakwenda hivi. Kama jiwe ni la kunywa maji, lizamishe kwenye beseni dakika 10 hadi 15, mpaka mapovu yakome. Lilaze juu ya kitambaa kilicholowa ili lisitembee. Paka makali ya kisu wino wa kalamu ya maka, pande zote mbili. Anza upande wa 400, mgongo ukiwa juu kwa theluthi, vidole viwili vya mkono wa pili vikikandamiza bapa hapo hapo panaponolewa, nyuma kidogo ya makali. Sukuma na kuvuta kwa urefu wote wa jiwe, mara 10 karibu na mpini, 10 katikati, 10 kuelekea ncha. Ukifika kwenye mpindo wa ncha, inua mpini kidogo, la sivyo ncha itabaki butu. Angalia wino. Umeondoka juu tu, karibu na bapa? Mgongo umeulaza mno. Umeondoka kwenye ukingo peke yake? Umeuinua mno. Ukiondoka wote sawasawa, shika hapo.

Usigeuze kisu mpaka upate mkunjo. Mkunjo ni uzi mwembamba wa chuma unaosukumwa na jiwe upande wa pili wa makali. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa urefu wa makali, na utahisi kitu kinakamata ngozi. Lazima uwepo kuanzia kwenye mpini mpaka ncha. Pale ambapo haupo, makali hayajafikiwa, na hata ukimaliza jiwe zima hapo patabaki butu. Ukishaupata, geuza, fanya upande wa pili mpaka mkunjo uhamie ulikotoka.

Hamia upande wa 1000. Mkono uwe mwepesi sasa, karibu uzito wa kisu wenyewe. Mapigo 10 kila upande, kisha 5 na 5, kisha moja moja ukibadilisha. Malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia, juu ya mkanda wa ngozi halisi au boksi gumu, mara 10 kila upande. Hapo mkunjo unang'oka. Ukiuacha, kisu kitakata vizuri sana siku ya kwanza, kisha uzi ule utajilaza na utasema jiwe ni bovu. Hili ndilo kosa linalowashinda wengi, na pia ndilo linalofanya watu wakimbilie vifaa vya kuvuta.

Osha kisu kabla hakijagusa chakula, kwa sababu kile kitope cheusi ni vumbi la chuma na jiwe. Kausha.

Jiwe likiliwa katikati, chora mistari ya penseli juu yake, weka msasa namba 100 hivi juu ya kigae kilichonyooka, mwagia maji, sugua jiwe mpaka mistari yote ipotee. Kuliwa kunapungua ukitumia uso wote, pamoja na pembeni.

2. Bamba la almasi

Ni bamba la chuma lililopakwa chembe za almasi. Linakata haraka kuliko jiwe, halipindi, halihitaji kulowekwa. Matone ya maji yanatosha. Kwa anayenoa visu vingi, mama ntilie au muuza samaki wa Kibirizi, huenda likastahili nafasi ya kwanza. Tumelishusha kwa sababu mbili. Moja, halisamehe: pembe ikikosewa, chuma kinaondoka kabla hujagundua. Mbili, ya bei chee yanapoteza chembe zake upesi. Lipitishe kidole kwenye kingo na kona dukani. Pakiwa na upara au magamba yanayobanduka, rudisha. Liwekee rula ya chuma kwa ubavu uone kama limenyooka.

Usilikandamize. Mkono mzito ndio unaong'oa almasi. Jipya linakwaruza kupita namba yake kwa visu vichache vya mwanzo, halafu linatulia. Usipolikuta hapa, huagizwa Dar na kuja kwa basi.

3. Chuma cha kunyooshea makali

Ile fimbo ya chuma ya wauza nyama haijabuniwa kunoa kisu butu. Makali ya chuma laini yanalala upande kabla hayajaisha, na fimbo inayasimamisha. Ndiyo maana muuza nyama anaigusa kila mara, mapigo matatu au manne kila upande kwa pembe ileile ya jiwe, halafu anaendelea. Kisu kilichokwisha makali kabisa unaweza kukipitisha hapo mpaka jioni na kisikate.

Nunua iliyo ndefu kuliko kisu chako. Kwa bapa la sentimita 20, fimbo ya 25. Isimamishe wima, ncha yake ikikanyaga kibao, uvute kisu kwenda chini. Kupigapiga hewani kwa madaha kunakata vidole. Fimbo ya kauri inaondoa chuma kidogo na ni nzuri zaidi, lakini ikidondoka kwenye sakafu ya saruji inavunjika.

Jiwe pamoja na fimbo ni mkusanyiko unaotosha nyumba yoyote. Na jiwe utalihitaji mara chache zaidi ukipara samaki kwa mgongo wa kisu au kijiko badala ya makali, ukisuuza muhogo kabla ya kumenya, na ukikatia kwenye kibao cha mbao. Sahani ya bati na ukingo wa sufuria vinaua makali kuliko mfupa wa kuhe.

4. Kinoleo cha kuvuta

Hiki ndicho kinachouzwa sana: kijisanduku cha plastiki chenye mpini na mifereji miwili au mitatu, unaingiza kisu na kuvuta. Mfereji wa kwanza una vipande viwili vya kabaidi vilivyopishana, vigumu kuliko kisu chochote cha jikoni. Vinakwangua chuma na kuacha ukingo wenye meno madogo madogo. Ndiyo maana kisu kinaonekana kikali papo hapo na kuchoka mapema. Ukiendelea nao kila wiki, bapa linaanza kubonyea sehemu iliyo mbele ya mpini, kwa kuwa ndipo mkono unapoanzia kwa nguvu. Kibonyeo hicho hakigusi tena kibao, na vitunguu vinabaki vimeungana.

Hata hivyo, kwa kisu cha bei ndogo na mtu asiyetaka habari za pembe, kinafaa. Kitumie hivi: kiweke kwenye meza kavu, kisu kisimame wima bila kuegemea upande, vuta kuelekea kwako kwa uzito wa mkono tu, kutoka mwanzo wa bapa hadi ncha. Mfereji wa kabaidi mara 3 hadi 5, kwa kisu kilichokufa kabisa. Mfereji wa kauri mara 5 hadi 10, na ndio wa kutumia siku za kawaida. Usirudishe kisu mbele na nyuma kama msumeno. Hapo ndipo kabaidi inapomega ukingo. Kisu cha minofu usikiingize. Kinapinda ndani ya mfereji na kutoka na makali ya mawimbi, na pembe ya mfereji kwa kawaida ni pana mno kwake.

Dukani, tafuta chenye mpira chini usioteleza na ukinga wa vidole, na vipande vya mfereji vinavyofunguliwa kwa skrubu. Kikicheza ukikitikisa, kiache.

5. Kinoleo cha kubiringisha

Kibao chenye sumaku kinashika kisu kwenye nyuzi 15 au 20, wewe unabiringisha gurudumu dogo la almasi pembeni. Pembe haiyumbi, na huo ndio uzuri wake. Bapa jembamba linakaa vibaya kwenye sumaku, kwa hiyo kisu cha minofu, tena, kinabaki nje. Kwa bei yake, heri bamba la almasi.

6. Tupa

Tupa ni ya panga na jembe. Sukuma mbele tu, inua ukirudi, usafishe meno kwa brashi ya waya. Kwenye kisu kilichotiwa ugumu vizuri itateleza bila kuuma, na kwenye kisu laini itang'oa chuma kingi mno.

Ukiamua kumpa mnoaji wa gurudumu kisu chako cha springi, mwombe alimwagie jiwe maji na asikae sehemu moja. Ncha ikirudi na rangi ya bluu, chuma cha hapo kimepata moto na kupoteza ugumu. Usage kwenye upande wa 400 mpaka bluu yote iishe, ndipo uanze kunoa.