Mipira ya tyubu ya kufungia mizigo: tathmini baada ya miezi minane

Kwa miezi minane nimekuwa nikifunga kreti za soda nyuma ya pikipiki kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu ya lori, ambayo fundi wa tairi wa mtaani kwetu Morogoro huniuzia kwa shilingi 2,000 kila mmoja, nami ninaiamini kuliko kamba za mpira zenye ndoano zinazouzwa madukani.

Kamba ya katani au ya nailoni hulegea mara tu mzigo unapotikiswa njiani, ilhali mpira ulionyooshwa hautulii: huendelea kujivuta ili urudi katika urefu wake, na kwa hiyo huufuata mzigo unaposhuka au kusogea na kuubana mwendo mzima. Utomvu mbichi wa mti wa mpira hauna uwezo huo, kwa kuwa hunata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Mvumbuzi Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa hupoteza udhaifu huo; leo tunajua kuwa minyororo mirefu ya molekuli zake hushikamana hapa na pale, ikaweza kunyooshwa bila kuteleza na kuachana. Tyubu nyingi za leo ni za butili, mpira wa viwandani unaozuia hewa vizuri kuliko ule wa asili na kuvumilia zaidi jua na ozoni, gesi ya hewani inayopasua mpira.

Kamba ya dukani niliyokuwa nayo awali ilikatika bila dalili yoyote, kwa sababu nyuzi zake za mpira zilikuwa zimechakaa ndani ya kitambaa nisikoweza kuona, na ndoano ikaruka ikapita karibu na jicho langu. Mpira wa tyubu hauna ndoano. Ncha yake huchomekwa chini ya mzunguko wa mwisho ikashika, na ufa wowote huonekana waziwazi.

Una udhaifu wake. Mmoja uliogusana na oili ya mnyororo kwa wiki kadhaa ulivimba na kulainika, nikautupa. Ukataji nao ni muhimu sana: kisu butu huacha vijipasuko ukingoni, na kila mpira unapovutwa vijipasuko hivyo hukua. Nilimrudishia fundi mpira mmoja wa namna hiyo, akanikatia mwingine kwa mkasi, mbali na kiraka na valvu, bila kunidai chochote.